Kwa nini manusura wa kiwewe huacha tiba kabla haijakamilika

Mshauri mmoja anayefanya kazi katika kituo cha afya ya akili ya jamii ameniandikia hivi: "Wateja wangu wengi wamepitia ukatili, vita au ajali mbaya. Kati ya kumi ninaoanza nao, wanne au watano hawafiki kikao cha tano, na wengi hawaagi. Msimamizi wangu anasema hawako tayari kupona. Mimi najiuliza kama kosa ni langu. Kuna mmoja aliyeacha miezi mitano iliyopita ambaye bado namfikiria. Je, nimtafute au nimwache?"

Mshauri mwenzangu,

Naanza na kauli ya msimamizi wako, kwa kuwa nimeisikia katika vituo vingi, na kusema kweli katika miaka yangu ya mwanzo niliisema mwenyewe. Kudai kwamba mtu "hayuko tayari kupona" ni kuifunga faili yake bila kuisoma. Mtu aliyepambana na woga wake, akaomba ruhusa kazini au akatafuta wa kumwangalizia watoto, kisha akaketi mbele ya mgeni na kutaja japo robo ya yaliyompata, ameonyesha utayari ambao wengi wetu hatujawahi kudaiwa maishani. Kinachohitaji maelezo ni yale yaliyotokea baada ya hapo. Rai yangu, baada ya kuzisoma faili nyingi za walioacha, ni kwamba uamuzi wa kuondoka huanza kuiva mapema, mara nyingi ndani ya vikao vitatu vya kwanza, na kwamba huduma yenyewe huchangia zaidi ya inavyopenda kukiri.

Tuziweke kwanza hesabu zako mahali pake. Uchambuzi wa Swift na Greenberg wa mwaka 2012, uliokusanya tafiti 669 za tiba ya mazungumzo za kila aina, ulikuta kwamba takriban mtu mmoja kati ya watano huacha kabla ya wakati. Kwa majaribio ya tiba za kiwewe peke yake, Imel na wenzake walipata mwaka 2013 kiwango kinachokaribiana na hicho, asilimia 18. Ukiishia hapo utajiona umeshindwa vibaya. Lakini majaribio ya kitafiti huchuja watu mlangoni, huwapigia simu za kuwakumbusha, na huwapa washauri wenye wateja wachache na msimamizi anayesikiliza rekodi za vikao. Mambo hubadilika tiba hizo hizo zinapotolewa karibu zaidi na mazingira ya kila siku. Schnurr na wenzake waliwafuatilia askari wastaafu 916 wa Marekani katika vituo vya matibabu vya askari hao, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 2022 yalionyesha kwamba walioacha tiba ya kuikabili kumbukumbu walikuwa asilimia 55.8, na walioacha tiba ya kuchunguza fikra zilizozaliwa na tukio walikuwa asilimia 46.6. Wanne au watano wako kati ya kumi wamo humo humo. Sisemi hivyo ili ulale usingizi. Nasema ili ujue kwamba tatizo ni kubwa kuliko kipaji cha mshauri mmoja.

Sababu ya kwanza imo ndani ya ugonjwa wenyewe. Kukwepa, yaani kukimbia kumbukumbu, mahali, watu na mazungumzo yanayorudisha tukio, ni miongoni mwa dalili ambazo mwongozo wa utambuzi wa Marekani wa mwaka 2013 unazitaka ziwepo ndipo ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe utajwe. Kwa maneno mengine, tunamwalika mtu mahali ambapo atatakiwa kufanya jambo lile lile ambalo ugonjwa wake unamkataza. Na kukwepa hakuji na jina lake. Huja kama kichwa kinachouma usiku wa kuamkia miadi, kama kazi ya dharura isiyokuwapo jana, kama usingizi uliopitiliza, kama kusahau kabisa. Saa ya kikao inapopita mtu yuko nyumbani, kifua chake hupumua, na pumzi hiyo huufundisha mwili kwamba kutokwenda ndiyo dawa. Siku mbili baadaye hufika aibu: atamwambia nini mshauri aliyemsubiri? Sasa ana mambo mawili ya kukwepa, tukio na mshauri, na la pili ndilo rahisi zaidi kulikwepa, kwa sababu linahitaji tu kutopokea simu.

Hapa kuna kosa la kufikiri ambalo wengi wetu hulifanya, nalo ni kudhani kwamba kinachomfukuza mteja ni kuizungumzia kumbukumbu, hivyo dawa ni kutoigusa kamwe. Ushahidi umechanganyika, na ni vyema tuuseme ulivyo. Edna Foa na wenzake walichunguza mwaka 2002 kama kuisimulia kumbukumbu kwa kina huzidisha dalili. Walikuta kwamba ni wachache tu waliozidiwa kwa muda, na kwamba wachache hao hawakuacha tiba kuliko wengine, wala hawakunufaika kidogo kuliko wengine. Kwa upande mwingine, katika jaribio la wanawake waliolitumikia jeshi la Marekani, lililochapishwa mwaka 2007, walioacha tiba ya kuikabili kumbukumbu walikuwa asilimia 38, ilhali walioacha tiba iliyojishughulisha na matatizo ya sasa tu walikuwa asilimia 21. Kwa hiyo gharama ipo. Ila namna ya kuigusa kumbukumbu ina uzito kuliko swali la kuigusa au kutoigusa. Mwaka 2018 Denise Sloan na wenzake walilinganisha vikao 5 vya kuandika kuhusu tukio na vikao 12 vya tiba ya kuchunguza fikra. Walioacha kuandika walikuwa asilimia 6.4, walioacha ile nyingine, asilimia 39.7, na nafuu ya walioandika haikuwa pungufu kwa kiasi cha kutia shaka. Vikao vilikuwa vichache, hakukuwa na kazi ya kufanyia nyumbani, na mtu hakulazimika kuyatamka yote huku akitazamwa usoni. Mimi hilo la mwisho nalipa uzito mkubwa, na nitaeleza kwa nini.

Miaka mingi iliyopita alikuja kwangu mwanamke ambaye alipokaa tu, mkoba wake ukiwa bado mapajani, alianza kusimulia. Nimebadilisha mambo yanayoweza kumtambulisha, lakini hali yenyewe ilikuwa hivyo. Alizungumza dakika hamsini bila kupumzika, akalia, akashukuru, na mimi nikaandika kwenye faili kwamba kikao kilikuwa kizuri sana. Hakurudi. Baada ya karibu mwaka mzima alikuja kituoni kwa shida ya mtoto wake, tukakutana kwenye ukumbi wa kusubiria, naye akaniambia kwa sauti ya chini: "Ulinisikiliza vizuri. Nilipofika nyumbani nikaona kwamba kuna mtu mmoja duniani anayejua, na nikikutana naye tena nitaiona aibu yangu imekaa usoni mwake." Tangu siku hiyo nimejifunza kuwapunguza mwendo watu wanaofunguka upesi. Tuna mazoea ya kuwaambia wateja kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na kwa homa methali hiyo haina kasoro. Kwa kiwewe, anayefichua yote siku ya kwanza mbele ya mtu asiyemjua anaweza kujikuta amevuliwa nguo kwa mara ya pili. Mkatize kwa upole. Mwambie kwamba anayoyasema ni muhimu mno kiasi kwamba hungependa yatoke yote leo kisha ayabebe peke yake hadi wiki ijayo. Atashangaa, na pengine ataudhika kidogo, lakini ataona kwamba katika chumba hicho kuna mtu anayelinda mpaka wake hata pale yeye mwenyewe anaposahau kuulinda.

Lipo jambo jingine ambalo hatulitazami: wapo wanaoondoka kwa sababu tiba inafaulu. Katika miaka ya 1980, daktari Vincent Felitti alikuwa akiongoza mpango wa kupunguza uzito huko San Diego, na kilichomshangaza ni kwamba waliokuwa wakiacha ni watu waliokuwa wakipungua vizuri. Badala ya kuwaita wavivu, aliwatafuta na kuwahoji. Aligundua kwamba wengi wao walidhulumiwa kingono utotoni, na kwamba kwa baadhi yao mwili mnene ulikuwa ngome, kwani uliwaepusha na macho ya watu. Kupungua kulimaanisha kubomoa ukuta. Mahojiano hayo ndiyo yaliyozaa utafiti mkubwa juu ya machungu ya utotoni alioufanya pamoja na Robert Anda, uliochapishwa mwaka 1998. Kwetu sisi funzo ni la karibu zaidi. Anayekesha akisikiliza kila mlio wa mlango, ukimsaidia kulala, unampokonya mlinzi aliyemtumikia kwa miaka. Na ikiwa aliyemdhuru bado anaishi naye, basi neno "baada" katika jina la ugonjwa huu halimhusu bado. Kuchoka kwake, kunyamaza kwake na kujifanya hajali ni mbinu za kuishi, na kuziondoa kabla ya kuwapo mpango wa usalama ni hatari. Mtu wa namna hiyo akiacha tiba, huenda amepima mambo kwa usahihi kuliko mshauri wake.

Sasa nije kwenye kituo. Nauli, malezi ya watoto, mshahara wa siku unaokatwa kwa saa mbili za kutokuwepo, hayo unayajua na hayahitaji mtaalamu. Kinachoonekana kwa shida ni jinsi utaratibu wa kawaida unavyoweza kufanana na dhuluma yenyewe machoni pa manusura. Mtu husimulia yaliyompata kwa mpokeaji, kisha kwa muuguzi, kisha kwa afisa anayejaza fomu, kisha huwekwa kwenye orodha ya kusubiri kwa wiki kadhaa, na anapofika kwako unamwambia, "Karibu, nieleze ni nini kilichokuleta." Jina lake limeitwa kwa sauti kubwa mbele ya watu ishirini. Kiti chake kimeupa mgongo mlango, hivyo hatulii kwa sababu hamwoni anayeingia. Mshauri wa kwanza alihamishwa, wa pili yuko likizo. Kila jambo kati ya hayo, likitazamwa peke yake, ni dogo na lina sababu yake ya kiutawala. Yakijumlishwa yanamwambia mtu aliyewahi kunyimwa usemi juu ya mwili wake kwamba na hapa pia mambo yataamuliwa bila yeye.

Sheria ninayoipinga kuliko zote ni ile ya kufunga faili ya mtu aliyekosa miadi miwili. Naelewa inakotoka: foleni ni ndefu na nafasi tupu ni hasara. Lakini tukirudi kwenye kile nilichosema juu ya kukwepa, sheria hiyo humwadhibu mtu kwa kuwa na dalili ya ugonjwa uliomleta. Hakuna kliniki ya kifua inayomfukuza mgonjwa kwa kukohoa. Isitoshe, barua ya kufungiwa humfikia katika wiki ile ile ambayo aibu yake imefika kileleni, ikamthibitishia alichokuwa akikihofia.

Umeuliza kama kosa ni lako. Sehemu yake inaweza kuwa yako, na nisingekutendea haki kama ningelikwepa swali hilo. Washauri nasi hukwepa. Unaposikiliza habari nzito kwa mtu wa saba siku hiyo hiyo, mwili wako hutafuta upenyo: unarudi kwenye fomu, unatoa ushauri kabla ya wakati, unabadilisha mada mteja anapokaribia palipo pabaya, unatazama saa bila kujijua. Manusura, hasa aliyelelewa na mtu mkali, ana ujuzi wa kusoma nyuso unaoshinda wa mtaalamu yeyote. Akiona uso wako umejifunga, hatahitimisha kwamba umechoka. Atahitimisha kwamba yeye ni mzigo, na mtu mwenye staha huwaondolea wengine mzigo. Angalia pia upande wa pili: uso unaoonyesha huruma kupita kiasi, macho yanayolengwa na machozi, humfanya aanze kukulinda wewe. Nimeona tiba ikifa kwa njia hiyo, taratibu na kwa adabu nyingi.

Lakini usidhani kwamba elimu kubwa ndiyo kinga. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, Frank Neuner na wenzake waliwafundisha wakimbizi wenyewe, watu wasio wataalamu, kutoa tiba ya kusimulia maisha yote kwa mpangilio, kuanzia kuzaliwa, ambamo tukio la kiwewe huwekwa mahali pake kati ya mambo mengine. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Walioacha tiba hiyo walikuwa asilimia 4, na walioacha ushauri nasaha wa kawaida walikuwa asilimia 21. Tafsiri yangu ni kwamba mtu huvumilia kazi ngumu pale anapojua ina mwanzo na mwisho, anapoona simulizi yake inakua kutoka kikao hadi kikao, na anapoketi na mtu asiyehitaji kutafsiriwa maisha yake. Ushauri usio na ramani, hata ukiwa wa upole kiasi gani, humwacha akijiuliza kila wiki anakuja kufanya nini.

Usisahau pia kwamba baadhi ya wale wanne au watano walipata walichokuja kukitafuta. Mwingine alitaka tu kusikia kwamba hajarukwa na akili. Alipoelezwa kwa nini moyo humwenda mbio akisikia kishindo, alilala vizuri kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, akaona inatosha. Sisi humwandika kuwa ameacha. Ndiyo sababu hesabu za walioacha bila mazungumzo nao hazina maana kubwa.

Kwa kazi yako ya kila siku, jambo ambalo limenisaidia zaidi ni kuzungumzia kuondoka kabla hakujatokea. Katika kikao cha kwanza, kabla ya swali lolote la tukio, mimi husema takriban maneno haya: "Itafika siku ambayo hutataka kuja. Pengine itakuwa baada ya kikao kilichokwenda vizuri. Siku hiyo haitakuwa na maana kwamba tiba imeshindwa, wala kwamba wewe ni dhaifu. Tukubaliane leo tutafanya nini." Kisha tunakubaliana nitumie nambari ipi, ni nani mwingine anayeishika simu hiyo, na ni maneno gani nisiyatumie kwenye ujumbe. Mwingine hutaka nijitambulishe kama mtu wa kazini. Mwingine hutaka nisipige kabisa, bali nimhifadhie nafasi kwa wiki mbili. Makubaliano hayo huchukua dakika saba au nane, na katika faili zangu ndiyo yaliyobadilisha idadi ya wanaorudi baada ya kukosa mara moja kuliko mbinu yoyote ya kitaalamu niliyosomea.

Mwishoni mwa kila kikao muulize swali moja tu, na ulijibu pamoja naye bila kujitetea: kuna jambo lolote leo ambalo limekufanya ufikirie kutorudi? Mara nyingi atasema hakuna. Siku atakayosema lipo, itakuwa ndicho kikao muhimu kuliko vyote, hata kama jambo lenyewe ni kwamba ulipokea simu mara moja akiwa anazungumza. Mtu aliyeumizwa na wenye nguvu mara chache amewahi kumwona mwenye nguvu akisema, "Nilikosea, pole," kisha akabaki salama naye katika chumba kimoja.

Sasa yule wa miezi mitano. Mtafute. Lakini kabla ya kumtafuta, nenda kwa msimamizi wako upate ruhusa kwamba akirudi hataanzia mwisho wa foleni, wala hatajaza fomu upya, wala hatapangiwa mtu mwingine. Usimwalike mahali ambapo mlango haujafunguliwa. Kisha angalia kwenye faili kama mlikubaliana juu ya simu. Kama hamkukubaliana, tuma ujumbe ambao ukisomwa na mtu mwingine hautamfichua: "Habari za siku nyingi. Nimekukumbuka nikaona nikusalimie. Jumanne asubuhi au Alhamisi jioni nina nafasi, ukipenda. Si lazima unijibu." Weka jina lako la kwanza peke yake. Asipojibu, rudia mara moja baada ya wiki chache, halafu umwache, ukiandika kwenye faili kwamba nafasi yake ipo. Akija, usimuulize kuhusu tukio. Muulize ilikuwaje kuacha, kisha kaa kimya muda wa kutosha ili ajibu.